Maji ya Kina: Fumbo na Mizani ya Nguvu katika Tungo za Vita za Muyaka bin Haji

Tungo za vita za Muyaka bin Haji al-Ghassaniy (takriban 1776–1840) zimesomwa kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza huzichukulia kuwa ushahidi wa kihistoria: utungo huwekwa ubavuni mwa tukio, na tukio ndilo linaloupa maana. Toleo la Hichens la mwaka 1940 limechangia sana kuujenga usomaji huu. Njia ya pili humwona Muyaka kuwa sauti ya wananchi wa Mvita, mshairi aliyeutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, kama inavyorudiwarudiwa. Kazi ya Abdulaziz (1979), ambayo bado ndiyo pana kuliko zote juu ya mshairi huyu, imeuimarisha mtazamo huo kwa hoja nzito. Pamoja na tofauti zao, njia zote mbili zina dhana moja isiyohojiwa: kwamba majivuno ya shairi ni kipimo cha nguvu ya mji, ama cha kweli ama kilichotiwa chumvi. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Tutadai kwamba tungo hizi zilikuwa sehemu ya nguvu yenyewe, na kwamba zilifanya kazi kwa kumnyima adui hesabu.

Neno mizani linatufaa hapa kwa maana zake mbili. Kwa mshairi ni idadi ya silabi katika mshororo. Kwa mfanyabiashara ni chombo cha kupimia uzito. Pwani ya kaskazini mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa na miji kadhaa iliyopimana uzito bila hata mmoja kuweza kuimeza mingine. Pate ilikuwa na jina kubwa na nguvu iliyokuwa ikipungua. Lamu ilikuwa ikiinuka kibiashara. Mombasa ilikuwa chini ya Mazrui, magavana waliowekwa na ukoo wa Yaarubi wa Oman na ambao, Wabusaidi walipoutwaa utawala huko katika karne ya 18, walikataa kuwatambua. Nyuma ya wote alikuwapo Seyyid Said bin Sultan, mwenye merikebu nyingi kuliko mji wowote wa pwani, lakini aliyekuwa mbali na mwenye maadui wengine wa kumshughulisha katika Ghuba.

Katika mazingira ya namna hii, swali la kwanza la kila mtawala lilikuwa: yule ana nini? Shairi maarufu ambamo Muyaka anaisifu Mvita kwa jina la Kongowea linalijibu swali hilo kwa kukataa kulijibu. Mji unafananishwa na maji ya kina. Uso wake hauonyeshi kilicho chini, na asiye na mbinu akijitosa atazama. Wahakiki wengi wameipita taswira hii haraka wakiita sifa ya mji, kana kwamba ni mapambo. Lakini tazama kisichokuwamo. Hakuna mizinga iliyohesabiwa wala mashujaa waliotajwa kwa majina. Hata Ngome ya Yesu, jengo ambalo kila nahodha aliliona kabla hajatia nanga, haibebi uzito wa hoja. Mshairi aliyekuwa na silaha hiyo mkononi anachagua kuzungumzia maji.

Hapana shaka kuna watakaosema kwamba hii ni kaida tu ya utanzu, kwamba kila mshairi wa pwani hujivuna na hufumba. Hoja hiyo haitoshi. Katika majigambo mtu husimulia matendo yake. Anayesikiliza hupewa orodha ya aliowashinda. Katika shairi la Kongowea hakuna tendo lililosimuliwa. Fumbo halifichi maana, kwa sababu kila msikilizaji anajua kwamba Mvita ndiyo inayosemwa na kwamba anaonywa. Linaloficha ni kiasi. Adui anaelewa barabara kwamba anatishwa, ila haambiwi kwa uzito gani, na hivyo analazimika kukisia. Anayekisia juu ya maji asiyoyajua kwa kawaida hukadiria kina kikubwa zaidi.

Je, Muyaka mwenyewe alikijua kina hicho? Nguvu ya Mombasa haikuwa jeshi lililokaa kambini likisubiri amri. Ilikuwa matokeo ya maafikiano: baina ya Mazrui na Taifa Kumi na Mbili za mji, baina ya Thelatha Taifa na Tisa Taifa, na baina ya wote hao na Wamijikenda wa bara, ambao msaada wao wa watu na chakula ulikuwa uti wa mgongo wa kisiwa. Ni wangapi wangejitokeza siku ya vita? Jibu lilitegemea msimu, deni, ndoa, ugomvi wa mwaka uliopita. Kwa maana hii taswira ya maji si hila tupu ya kumhadaa adui. Inaieleza kwa usahihi dola ambayo hata watawala wake hawakuweza kuihesabu nguvu yake mapema. Mhakiki anayeuliza kama shairi linasema kweli au linatia chumvi anauliza swali ambalo mji wenyewe usingeweza kulijibu.

Vita vya Shela, ambavyo wanahistoria wengi huviweka karibu na mwaka 1812 au 1813, viliyapima maji hayo. Muungano wa Mombasa na Pate ulitua karibu na Lamu na ukashindwa vibaya. Masimulizi yanayorudi mara kwa mara ni ya maji kupwa na vyombo kukwama mchangani, wapiganaji wakauawa wakitafuta njia ya kurudi. Kwa msomaji wa Muyaka kuna kejeli chungu hapo, nayo haihitaji kuongezwa chumvi. Kilicho muhimu zaidi ni yaliyofuata. Lamu iliyoshinda haikuamini kwamba ushindi wake ungedumu, ikamwita Seyyid Said ailinde, naye akaleta liwali na askari. Miaka kadhaa baadaye Mombasa ilifanya lilo hilo kwa upande wake: mwaka 1824 ilipandisha bendera ya Uingereza kwa makubaliano na nahodha Owen, ulinzi uliokwisha mwaka 1826. Miji iliyokuwa ikipimana yenyewe kwa yenyewe ilianza kutafuta mawe ya mizani kutoka nje.

Hapa ndipo umbo la shairi linapodai kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko ilivyozoeleka. Utenzi wa vita, tangu Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, husimulia vita vilivyokwisha, dhidi ya adui asiyeweza kujibu. Shairi la mishororo minne, lenye mizani kumi na sita na vina vya kati na vya mwisho, lina tabia tofauti. Ni fupi, hukaririka, na linaweza kuchukuliwa na baharia kichwani kutoka bandari moja hadi nyingine pepo za kusi zinapovuma. Zaidi ya yote, linaomba jibu. Katika desturi ya kujibizana, anayejibu hufuata bahari ya aliyeanza, na mara nyingi vina vyake pia. Kwa kufanya hivyo anamkubali mwenziwe kuwa mshindani wa daraja lake. Kwa hiyo utenzi hukaa nyuma ya vita, na shairi hukaa katikati ya vita na vita, pale ambapo bado kuna jambo la kuamuliwa.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi diwani kama chombo cha uhariri imetupotosha kwa kiasi fulani. Diwani hukusanya tungo za mtu mmoja. Tungo za Muyaka zilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua akishirikiana na W. E. Taylor, zikachapishwa na Hichens chini ya jina la mshairi, na tangu hapo tumezoea kusikia upande mmoja wa mazungumzo. Sauti ya Lamu, ambamo Bwana Zahidi Mngumi ana nafasi kubwa, imebaki tanbihi. Mkusanyo wa Biersteker na Shariff, Mashairi ya Vita vya Kuduhu (1995), ulifungua njia nyingine kwa kuyachukua majibizano yenyewe kuwa kitengo cha uchambuzi. Inashangaza kwamba uhakiki wa Muyaka katika vyuo vyetu haujaifuata njia hiyo kwa kiasi kinachostahili. Mwanafunzi bado hupewa shairi moja, huulizwa dhamira yake, na hujibu uzalendo.

Usomaji wa majibizano ungebadilisha pia namna tunavyozipima tungo za Muyaka juu ya urafiki, ahadi na usaliti, ambazo kwa kawaida huwekwa katika fungu la maadili, mbali na siasa. Mombasa ilihimili mashambulizi ya Seyyid Said kati ya 1828 na 1833, ingawa katika safari ya kwanza alifanikiwa kuingiza askari wake ngomeni kwa muda. Mwaka 1837 aliutwaa mji, baada ya Mazrui kugombana wao kwa wao na baadhi ya wakuu wa mji kugeukia upande wake. Waliokijua kina walikuwa ndani. Fumbo linalomzuia mgeni halina nguvu juu ya mwenyeji anayejua maji yanapofika magotini, na mshairi aliyeishi hadi kuushuhudia mwaka huo alikuwa na sababu ya kisiasa ya kurudia mara kwa mara suala la mwenzi asiyeaminika. Hatudai kwamba kila shairi lake la urafiki lina Mazrui nyuma yake. Dai la namna hiyo lingeturudisha kwenye usomaji wa ushahidi tuliouanza kuupinga. Tunadai tu kwamba mpaka baina ya fungu la maadili na fungu la vita uliwekwa na wahariri, na kwamba msikilizaji wa Mvita wa miaka ya 1830 hakuwa na sababu ya kuuona.

Sikujua na Taylor walipoliandika shairi la Kongowea, bendera ya Sultani wa Zanzibari ilikuwa imeshapepea juu ya mji kwa zaidi ya kizazi kimoja. Shairi halikuwa tena na wa kumzuia. Lilikuwa limekuwa kumbukumbu, na kumbukumbu huvumilia kusomwa kama sifa. Toleo jipya la Muyaka, ambalo taaluma yetu inalihitaji kwa muda mrefu sasa, lingepaswa kuanzia hapo: kuzipanga tungo kwa majibizano, huku majibu ya Lamu na Pate yakiwekwa katika ukurasa unaotazamana na zile zake.