Choya Yaitoa Jasho Litimasi

Jamani, acheni mnachofanya! Kama bado unadhani kiashiria cha asidi na besi ni lazima kitoke maabara, panda Usangi, huku juu Upareni, uone choya ikifanya kazi. Ndiyo, choya ileile ya juisi!

Matayarisho ni mepesi mno: choya kavu kiganja kimoja, maji ya moto, subiri kidogo, chuja. Rangi yake ni damu ya mzee, safi kabisa. Gawanya kwenye vikombe vyeupe, sukari weka kando.

Anza na ndimu. Wekundu unang'aa zaidi, hilo tulilitegemea. Sasa lete maji ya magadi, hayahaya ya kulainishia makande. Matone machache: zambarau. Ongeza: buluu yenye ukijivu. Ongeza tena: kijani! Kijani, kutoka kwenye choya! Na bado hujaona kitu. Kamulia ndimu humohumo: povu linafoka, maana asidi inaitoa kabonidayoksaidi kwenye magadi, na ukizidisha ndimu wekundu unarudi. Nilipiga kelele jikoni kama mtoto.

Siri ni anthosianini, rangi asilia ya choya. Kwenye asidi molekuli zake hushika ioni za haidrojeni. Kwenye alkali huziachia, umbo linabadilika, na mwanga unaofika machoni unakuwa mwingine. Robert Boyle aliyaandika mambo ya namna hii mwaka 1664, yeye akitumia sharubati ya maua ya urujuani.

Na litimasi? Nyekundu kwa asidi, buluu kwa alkali, basi. Choya inakupa ngazi nzima ya rangi, na vya kupima vimejaa nyumbani: maziwa mgando, sabuni ya mche, maji yaliyochujwa kwenye jivu la migomba.

Kasoro zipo. Bila friji huchacha upesi. Kijani chake hakidumu, hufifia kuelekea manjano, kwa hiyo soma rangi papo hapo. Kahawa usiipime, weusi wake unaficha kila kitu. Na kwa titresheni ya mtihani, finofthalini bado haina mpinzani.

Lakini kwa kufundishia? Chukua, tena leo! Mwalimu wa kemia, litimasi ikiisha kabatini, usiwaambie tena wanafunzi kwamba somo la asidi na besi watalisoma ubaoni tu.