Senti ya Aspen: Mapenzi ya Kwanza na Mamlaka ya Kifalme katika Trilojia ya Kiera Cass

Trilojia ya Kiera Cass, yaani The Selection (2012), The Elite (2013) na The One (2014), husomwa mara nyingi kama swali moja tu: America Singer atamchagua nani kati ya Aspen Leger, mpenzi wake wa kwanza, na Mwanamfalme Maxon? Usomaji huo unaburudisha, lakini unafunika jambo zito zaidi. Kinachowatofautisha wanaume hawa si haiba wala kina cha mapenzi yao, bali uhusiano wa kila mmoja na tendo la kutoa na kupokea.

Illéa, nchi ya kubuni ya riwaya hizi, imegawa raia wake katika matabaka 8. America ni wa tabaka la tano, la wasanii. Aspen ni wa la sita, la watumishi, na mke hufuata tabaka la mumewe. Katika kibanda cha juu ya mti, America anamwandalia Aspen mlo kwa akiba yake mwenyewe, naye Aspen anavunja uhusiano papo hapo. Mwanamume aliyezoea kumtuza senti kwa kumwimbia hawezi kustahimili kulishwa naye. Senti moja inaandamana na America hadi kasrini, ndani ya kichupa. Cass haielezi mno ishara hiyo, na hapo anafaulu: senti ina uzito kwa sababu imetoka kwa asiye nacho.

Maxon, kinyume chake, hana cha kutoa kisichotoka katika hazina ya dola. Wasichana 35 wanalishwa na kuvishwa kwa hisani hiyo, na familia zao zinalipwa. America anapokataa neno la mahaba ambalo Maxon anamwita mapema mno, anakataa kumilikiwa kabla ya kuulizwa. (Mfasiri wa Kiswahili angetaabika hapa: “mpenzi” lingezidi kipimo, na “mpendwa” lingenukia barua.)

Tukio lenye nguvu kuliko yote limo katika The Elite, pale Marlee, mmoja wa washindani, anapochapwa viboko hadharani pamoja na askari anayempenda. Kosa lao ni lilelile ambalo America na Aspen, ambaye sasa ni mlinzi kasrini, wanalitenda kwa siri usiku. Hapa pembetatu inaacha kuwa fumbo la moyo. Mchumba mmoja anawakilisha sheria inayoweza kumwadhibu mwenzake, na hata rehema ya Maxon ya kuwaficha wapenzi hao baadaye ni rehema ya mtawala. Je, ridhaa ya America ina maana gani mbele ya mamlaka ya namna hiyo?

The One inalikwepa swali hilo. Maxon anapougundua uhusiano wa siri, anakusudia kumchagua mwingine. Shambulio la waasi linaingia kati, Mfalme Clarkson anauawa, na bunduki zinakamilisha uamuzi ambao msuko ulipaswa kuukamilisha. Aspen naye anapewa Lucy, mjakazi wa America, ili asibaki mtu wa kudai. Kisha, kwa kuwa babake bibi harusi amekwisha kufariki, Aspen ndiye anayemsindikiza America kwa Maxon. Aliyeshindwa kupokea sahani ya chakula anageuzwa mtoaji wa bibi harusi, na riwaya haina hata sentensi moja ya kustaajabia hilo.