Miamba na Lugha katika Tableau de la géographie de la France: Tahakiki

Tableau de la géographie de la France (1903) ya Paul Vidal de la Blache iliandikwa iwe utangulizi wa historia ya Ufaransa iliyohaririwa na Ernest Lavisse. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayeisoma katika kozi ya Kifaransa pekee huiona kuwa nathari ya kuisifu nchi, kumbe hoja yake imelala ardhini. Beauce na Brie zote ni nyanda zilizo jirani na Paris. Lakini mawe ya chokaa ya Beauce hupitisha maji, ilhali mfinyanzi wa Brie huyashika. Ndiyo maana visima vya Beauce vilichimbwa kina kirefu na nyumba zake zikakusanyika pamoja.

Mwanajiolojia naye, asipoisikiliza lugha, hupitwa na jambo zito zaidi: Ufaransa inayochorwa humo ni ya wakulima, na viwanda vimepewa nafasi finyu. Yves Lacoste aliukosoa ukimya huo, akakiinua kitabu cha La France de l'Est (1917), ambamo Vidal anajadili waziwazi viwanda na siasa za Alsace na Lorraine. Mtaala unaofundisha kitabu cha kwanza bila cha pili humwacha mwanafunzi akidhani kwamba Vidal hakuiona siasa.