Amani au Utengemano? Msamiati wa Utulivu katika Maandiko ya Kikristo ya Kiswahili, Ukisomwa kutoka Uluguru

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeyatazama maandiko ya faraja ya Kikristo kwa jicho la pembeni: ama kama tafsiri tupu, ama kama kasumba. Makala haya yanapinga mitazamo yote miwili kwa kuchunguza maneno yanayobeba dhana ya utulivu, hasa imani, amani, tumaini na utengemano, katika tafsiri za Biblia, nyimbo na tenzi. Yakisomwa kutoka Morogoro na milima ya Uluguru, maneno haya yanaonyesha kuwa Kiswahili cha Kikristo kimewahi kuwa na njia mbili za kuuzungumzia utulivu: unaopokewa na unaotengenezwa. Makala yanadai kwamba kufifia kwa njia ya pili kumeipunguzia lugha ya faraja uwezo wake wa kuikabili dhiki.

1.0 Utangulizi

Uhakiki ulioathiriwa na nadharia ya Kimarx, ulioshamiri katika vyuo vyetu miaka ya 1970, ulitufundisha kuuliza swali la lazima: kazi hii inamtumikia nani? Kwa nyimbo na tenzi za dini jibu lilitolewa mapema mno. Zilionekana kuwa kasumba, zikawekwa kando bila kusomwa. Upande wa pili, wanaisimu walioshughulikia tafsiri waliziona nyimbo hizohizo kama zao la wageni lililovaa kanzu ya Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba maandiko yanayosomwa na kuimbwa na mamilioni ya watu kila juma, tena katika saa zao ngumu kabisa, hayana uhakiki unaolingana na uzito wake.

Swali la makala haya ni la wazi. Muumini anapokiri kwamba moyo wake umetulia, ilhali mvua imekata, mtoto ni mgonjwa na kesho haijulikani, maneno anayoyatumia yanafanya kazi gani? Je, yanaificha dhiki, au yanampa namna ya kuishi ndani yake?

Uluguru ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walisonga bara, na kabla ya karne ya 19 kwisha walikuwa wamefika Morogoro na Matombo. Walutheri wa Misheni ya Berlin walikuja kwa njia ya Uzaramo. Hivyo, maneno ya Kikristo ya utulivu yaliwafikia watu waliokuwa na Kiluguru nyumbani yakiwa tayari yamepita pwani, yamekaa na Uislamu, na kuchukua ladha yake. Mkristo wa Morogoro hadi leo huishi ukuta kwa ukuta na Mwislamu, na maneno mengi wanayofarijiana kwayo ni yaleyale.

2.0 Imani, Amani na Tumaini

Tuanze na jambo ambalo msemaji wa kawaida halihitaji kulijua ili limfanyie kazi. Maneno imani na amani yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya usalama na uaminifu. Katika Kiswahili yametofautiana kwa irabu moja tu ya mwanzo. Mhubiri anayeyaweka pamoja katika sentensi moja hachezi na sauti tu. Anaurudisha pamoja ukoo uliotawanyika. Lugha zilizotuletea Ukristo, yaani Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, haziwezi kufanya hivyo, kwa kuwa maneno yake ya imani na amani hayafanani kwa sauti. Hapa Kiswahili kimepata kitu ambacho lugha za wamisionari hazikuwa nacho. Anayekiita Kiswahili cha kanisa tafsiri tupu na aeleze pato hilo limetoka wapi.

Neno tumaini lina historia ya kuvutia zaidi. Asili yake ya Kiarabu ni kitenzi cha kutulia na kuwa na moyo usio na wasiwasi. Kiswahili kililichukua neno la utulivu wa sasa, kikaligeuza kuwa neno la kutazamia yajayo. Mageuzi haya yana mantiki yake: anayetumaini hasemi kwamba anajua kesho italeta nini, anasema kwamba kutojua huko hakumtikisi.

La tatu ni maana ya pili ya imani, ambayo wafasiri wa maandiko wameipita haraka. Katika mazungumzo ya kila siku, mtu mwenye imani si lazima awe mcha Mungu; ni mtu mwenye huruma. Asiye na imani ni katili. Kumwonea mtu imani ni kuguswa na shida yake. Kwa hiyo neno linaloelekea juu, kwa Mungu, linaelekea pia pembeni, kwa jirani. Nadharia yoyote inayodai kuwa faraja ya imani ni jambo la mtu na nafsi yake peke yake inapingwa na kamusi kabla ya kupingwa na teolojia.

3.0 Neno la Roehl

Si kila mfasiri aliridhika na urithi huu wa pwani. Mwanamisionari Mjerumani Karl Roehl, aliyetoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima huko Stuttgart mwaka 1937, alikusudia kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka mahali pake yale ya Kibantu. Palipokuwa na amani, aliandika utengemano. Palipokuwa na imani, alipendelea miundo ya kitenzi tegemea.

Mradi huo ulishindwa. Biblia ya Union ya mwaka 1952 ilirejesha amani na imani, na ndiyo iliyokita mizizi makanisani. Nakubaliana na hukumu hiyo ya wasomaji. Kuyaondoa maneno yaliyokuwa yamekwisha kuwa ya Kiswahili, kwa sababu ya nasaba yake tu, ni kukosea kuhusu lugha ni nini. Aidha, kungewanyima Wakristo maneno wanayoshirikiana na majirani zao. Msibani, anayesema amani, subira au faraja hahitaji mkalimani wa dini.

Hata hivyo, kushindwa kwa mradi hakumaanishi kwamba kila neno lake lilikuwa duni. Tulitazame utengemano kwa jicho la mofolojia. Kitenzi tengemaa kina kiambishi cha hali kinachopatikana pia katika simama na inama, yaani kile cha kauli ya kutendama. Ni hali ya kitu kilichokaa mahali pake na kutulia hapo. Ndugu zake ni tengenea na tengeneza. Nyumba hutengemaa, nchi hutengemaa, hata afya ya mtu aliyekuwa mgonjwa. Nomino amani haina kitenzi chake katika Kiswahili. Tunapata amani, tunapewa amani, tunakosa amani. Ni kitu kinachopokewa. Utengemano, kinyume chake, una kitenzi jirani chenye mtenda: kilichoharibika kinaweza kutengenezwa, na mwenye mikono anaweza kuulizwa kwa nini hajakitengeneza.

Neno la Kiebrania ambalo Agano la Kale hulitumia kwa amani lina maana pana ya uzima, ustawi na mambo kuwa sawa. Kwa kipimo hicho, utengemano uliigusa sehemu ya maana ambayo amani, kadiri ilivyozidi kusikika kama hali ya moyoni, imeelekea kuiacha.

4.0 Umbo Linalotuliza

Maneno hayafanyi kazi peke yake. Yamo ndani ya maumbo. Katika Tenzi za Rohoni, kitabu ambacho nyimbo zake nyingi ni tafsiri za nyimbo za Kiingereza, jina tenzi halimaanishi bahari ya utenzi kama wanaushairi wanavyoijua. Beti hufuata tuni ya kigeni, na idadi ya mizani hubadilika kwa amri ya muziki. Nafsi inayozungumza mara nyingi ni mimi: moyo wangu, roho yangu, safari yangu. Mhakiki aliye mezani ataiita hiyo faraja ya kibinafsi. Lakini wimbo haukuandikwa usomwe mezani. Watu mia mbili wanaposema mimi kwa sauti nne, nafsi hiyo ya kisarufi inabaki umoja, bali nafsi ya tendo ni wingi. Mjane aliyekaa benchi la nyuma anaazimwa sauti ambayo peke yake asingekuwa nayo.

Mathias Mnyampala, mshairi Mkatoliki kutoka Ugogo, alishika njia nyingine. Utenzi wa Enjili Takatifu wa mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi uliofuata vilichukua umbo lililokomazwa na washairi Waislamu wa pwani na kulitia maandiko ya Kikristo. Uamuzi huo haukuwa wa mapambo. Zaburi nyingi ni malalamiko: mwenye kusali anaanza katika hofu, anamhoji Mungu, kisha anafika kwenye tumaini bila kuelezwa kikamilifu amefikaje. Utenzi una ubeti wa mishororo minne, ambamo mitatu ya mwanzo hubadilisha vina kila mara na wa nne hurudia kina kilekile toka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo, lalamiko lolote linaloletwa na mishororo mitatu hupokelewa na sauti isiyobadilika. Msikilizaji hajui ubeti ujao utasema nini. Anajua utatua wapi. Hilo ndilo tumaini katika maana tuliyoiona hapo juu, safari hii likifanywa na kina badala ya kutangazwa na neno.

Udhaifu wa umbo hilo pia ni lazima utajwe. Kina cha bahari hurudi hata pale ambapo lalamiko lilistahili kuachwa wazi. Zaburi zipo zinazokataa kufarijiwa, na utenzi, kwa tabia yake, huelekea kuzifariji kwa nguvu.

5.0 Mtihani wa Mlimani

Je, lugha hii ya utulivu huwafanya watu wanyamaze? Historia ya Uluguru haitoi jibu rahisi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi miteremkoni ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ardhi ilishikwa kwa ukoo wa upande wa mama, na kazi ilikuwa nzito bila faida waliyoiona. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka, na Matombo, palipokuwa na misheni kwa zaidi ya nusu karne, palikuwa kitovu chake. Sidai kwamba imani ndiyo iliyozaa upinzani huo. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kinatosha: kuwapo kwa lugha ya faraja mlimani hakukuuzuia. Nadharia ya kasumba ingetabiri kinyume chake.

Lakini upo ushahidi wa upande wa pili. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu mjini Morogoro, likalipuka wakati watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Katika misiba ya aina hii Kiswahili kina kauli iliyo tayari, inayotumiwa na Wakristo na Waislamu, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kwa mfiwa, saa ya kwanza, kauli hiyo ni fimbo ya kushikilia. Ikitamkwa na asiyefiwa, siku ya arobaini, inaweza kuwa kufuli: inafunga maswali kuhusu usalama wa barabara na kuhusu umaskini unaomfanya mtu ahatarishe uhai kwa dumu moja la mafuta. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni msemaji na saa.

Mnyambuliko wa kitenzi unatusaidia kuipambanua tofauti hiyo. Tulizwa ni kupokea. Tulizana ni kupeana. Lakini tulia, kama amri kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa mlalamikaji, ni kumziba mdomo. Mhakiki wa maandiko ya faraja anapaswa kuuliza kila mara ni kauli ipi ya kitenzi iliyo kazini, na nani ni mtenda.

6.0 Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kufufua Biblia ya Roehl. Yanapendekeza tuisome tena, kwa sababu neno lililoshindwa hutuonyesha mipaka ya neno lililoshinda. Amani imetupa utulivu unaoweza kupokewa hata pale ambapo hakuna cha kutengenezwa: kando ya kaburi, au kwenye ugonjwa usio na dawa. Si jambo la kudharauliwa, na uhakiki uliolidharau haukuwa umekaa na wafiwa. Lakini mambo mengi yanayowakosesha watu usingizi Morogoro, kuanzia shamba hadi barabara, yana mafundi wanaoweza kutajwa. Kwa hayo tunahitaji pia utengemano, kama si neno, basi dhana yake. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wanazo nyimbo za kwaya za mkoa huu, zilizotungwa hapa na si kutafsiriwa, ambazo bado hazijahesabiwa kwa kipimo hiki: ni wapi zinaomba amani, na ni wapi zinadai mambo yatengenezwe.