Seva ya Fundi: Kompyuta ya Mteja Ikitengenezwa kwa Mbali

Februari 2024 ilikuwa mbaya kwa mafundi wanaotengeneza kompyuta za wateja kupitia mtandao. Tarehe 2, kampuni ya AnyDesk ya Stuttgart, Ujerumani, ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye mitambo yake. Ikafuta vyeti vyake vya usalama, ikabatilisha manenosiri ya tovuti ya wateja, ikawataka watu wapakue toleo jipya. Tarehe 19 ikawa zamu ya ConnectWise ya Marekani: programu yake ya ScreenConnect ilikutwa na tundu lililopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Ukurasa unaotumika mara moja tu, siku ya kusakinisha seva, uliweza kufunguliwa upya na mtu yeyote aliyeongeza mkwaju mwishoni mwa anwani yake. Aliyeufungua alijitengenezea akaunti ya msimamizi, na kuanzia hapo kompyuta zote zilizounganishwa na seva hiyo zilikuwa zake.

Mikasa hii miwili haikuwapata watu walewale. Wa kwanza ulihusu waliomwachia mwenye kampuni kila kitu. Katika wa pili, waliokuwa kwenye seva za ConnectWise yenyewe walizibiwa tundu na kampuni hata bila kujua. Waliobaki wazi ni wale wenye seva zao, ambao walipaswa kusakinisha toleo la 23.9.8 kwa mikono yao. Wengi walichelewa, na ndani ya siku chache wahalifu walishaanza kupandikiza programu za kufunga mafaili na kudai fidia. Kwa hiyo fundi anayetaka kujiendeshea seva ya msaada wa mbali ana mambo mawili ya kupima: anachopata, na zamu ya ulinzi anayoichukua kutoka kwa kampuni.

Sababu ya kwanza inayotajwa huwa pesa. Programu ya TeamViewer, kwa mfano, ni bure kwa matumizi binafsi, ila ikishuku kwamba mtu anaitumia kibiashara huanza kumkatia mawasiliano. Duka dogo lenye mafundi wawili, linalohudumia wateja wachache kwa siku, huona leseni ya mwaka ni nzito. Ndipo jina la RustDesk linapoingia. Ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Rust na kutolewa kwa leseni ya AGPL, na upande wake wa seva unapatikana bure kwa anayetaka kuusimamisha mwenyewe.

Upande huo wa seva una programu mbili ndogo, hbbs na hbbr, na anayezichanganya atahangaika sana.

Kompyuta ya mteja kwa kawaida haina anwani yake kwenye intaneti ya dunia. Imekaa nyuma ya ruta, na ruta nayo mara nyingi imekaa nyuma ya mitambo ya kampuni ya simu inayowagawia wateja wengi anwani moja. Hakuna mtu wa nje anayeweza kuifikia moja kwa moja. Kazi ya hbbs ni kusikiliza hodi: kila kompyuta yenye RustDesk huibishia hodi mara kwa mara, na hbbs ikakumbuka hodi hiyo imetokea wapi. Fundi akiandika namba ya utambulisho ya mteja, hbbs huwapa wote wawili anwani za wenzao, nao hutumiana data kwa wakati mmoja ili kila ruta idhani mazungumzo yameanzishwa na mtu wa ndani. Ikifaulu, picha ya skrini inasafiri moja kwa moja kati ya fundi na mteja, na seva inakaa kando. Isipofaulu, jambo la kawaida kwenye baadhi ya mitandao ya simu, hbbr hushika kazi: kila kinachotoka kwa mteja kinapita kwake ndipo kimfikie fundi.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini kompyuta kuukuu ya dukani, iliyounganishwa na modemu ya kampuni ya simu, haifai kuwa seva hata kama ina nguvu za kutosha. Anayebisha hodi lazima apate mlango unaoonekana na dunia. Njia rahisi ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma. Programu zenyewe ni nyepesi na haziombi mashine kubwa. Milango ya kufungua ni 21115, 21116 na 21117 kwa TCP, pamoja na 21116 kwa UDP. Huo wa UDP ndio husahaulika zaidi, na ndio unaopokea hodi. Ukifungwa, kompyuta za wateja hazijiandikishi, na fundi anaishia kukagua kila kitu isipokuwa pale kwenye kasoro.

Ufunguo unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Mara ya kwanza hbbs inapowashwa, hutengeneza faili mbili: id_ed25519, ambao ni ufunguo wa siri, na id_ed25519.pub, ufunguo wa umma. Seva hutumia ule wa siri kutia saini utambulisho wa kila kompyuta, na programu ya fundi hutumia ule wa umma kuhakiki kwamba upande wa pili ni mteja kweli, si mtu aliyejipenyeza katikati. Uhakiki ukipita, mazungumzo husimbwa kwa fiche kutoka mwanzo hadi mwisho. Hbbr hupitisha data isiyoweza kuisoma. Maelekezo ya matoleo ya awali yalieleza wazi kwamba sehemu ya ufunguo ikiachwa tupu mawasiliano bado yangeunganika, ila bila fiche. Fundi aliyeona skrini ya mteja imefunguka angedhani amemaliza. Ilihitajika kuwasha hbbs na hbbr kwa kigezo cha -k ili wasio na ufunguo wakataliwe.

Faili hizo mbili zihifadhiwe nakala nje ya seva siku hiyohiyo. Seva ya kukodi ikifutwa na kujengwa upya bila nakala, hbbs itatengeneza ufunguo mpya, na kila kompyuta iliyopewa ule wa zamani itagoma kuunganishwa. Fundi atalazimika kumpigia simu mteja mmoja mmoja. Kwa sababu kama hiyo ni busara kuwapa wateja jina la tovuti kuliko namba ya anwani ya IP: seva ikihamishwa, jina linaelekezwa kwingine na mteja hajui kilichotokea.

Mteja naye asilazimishwe kujaza mipangilio. RustDesk ya Windows ina mbinu moja nzuri: inasoma mipangilio kutoka kwenye jina la faili lake. Fundi hubadilisha jina liwe rustdesk-host= likifuatwa na jina la seva, koma, key= na ufunguo wa umma, kisha .exe. Mteja anapakua, anabofya, anasoma namba yake kwenye simu. Ufunguo huo ni wa umma, hivyo kuonekana kwake si hatari.

Suala la bando halikwepeki. Kwa makadirio ya watengenezaji, kazi za kawaida za ofisi hutumia takriban kilobaiti 100 kwa sekunde kupitia hbbr, na skrini yenye mabadiliko mengi inaweza kufika megabaiti 3. Kilobaiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 360 kwa saa, na anayelipa ni mteja mwenye simu aliyoifanya modemu. Kupunguza ubora wa picha kabla ya kuanza ni adabu ya kazi.

Mahali seva ilipo pana uzito uleule. Fundi wa Dar es Salaam na mteja wa Morogoro wanaopitia hbbr iliyoko Ulaya wanasafirisha kila bofyo la kipanya kwenda na kurudi chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na Kenya ikayumba. Siku hiyo hata seva ya Cape Town ingekuwa mbali. Seva iliyokodiwa ndani ya nchi, hata ikiwa ghali kidogo, ndiyo chaguo la maana kwa duka ambalo wateja wake wako nchini humohumo.

Baada ya yote hayo, hatari kubwa zaidi haiko kwenye seva. Januari 2023 CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, ilionya kwamba matapeli wanawapakulisha watu AnyDesk na ScreenConnect za kawaida kabisa, zisizohitaji kusakinishwa, kisha wanawaibia kwa kisingizio cha kurudishiwa pesa. Toleo la RustDesk la Android lenyewe humwonya mtumiaji kwamba huenda anatapeliwa. Mteja aliyezoezwa na fundi wake kukubali kila ombi la kuunganishwa atamkubali na tapeli. Mteja wa mara moja apewe programu isiyosakinishwa, kila muunganisho aukubali mwenyewe kwa kubofya, na kazi ikiisha faili lifutwe akiwa bado kwenye simu. Nenosiri la kudumu ni la wateja wenye mkataba tu, wanaojua kwamba lipo.

Tena seva ya bure haina daftari la wateja wala akaunti za mafundi. Hayo yako kwenye toleo la kulipia. Matokeo yake, maduka huorodhesha namba na manenosiri kwenye faili la Excel, na faili hilo likivuja, ufunguo wa ed25519 hauna la kumsaidia mtu. Duka lenye mteja ambaye ni zahanati au ofisi ya wakili, hasa sasa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, lingefanya vema kulipia toleo hilo, au angalau kuweka orodha kwenye programu ya kutunza manenosiri na kumtaja kwa jina fundi mmoja ambaye kila wiki atakagua kama hbbs na hbbr zina toleo jipya.