Nani Aseme Pigo Limeingia?

Mtoto aliyekulia Lembeni au Kisangara, karibu na mashamba ya mkonge, anaijua kesi hii vizuri. Mlingoti wa mkonge ukishakauka huwa mwepesi, na kipande chake ni upanga tosha. Wawili wanakabiliana, fimbo inatua begani, na papo hapo vita inageuka mahakama. "Umekufa!" "Sijafa, imenigusa tu!" Mara nyingi hukumu hutolewa na mama, ambaye huzichukua fimbo zote mbili akaenda kuzichochea jikoni.

Marekani wapo watu wazima walioitungia kesi hiyo sheria. Chama chao, Society for Creative Anachronism, kwa kifupi SCA, kilianza tarehe 1 Mei 1966 kwa sherehe iliyofanyika uani mwa nyumba moja mjini Berkeley, California. Wanachama huvaa kofia za chuma, hushika ngao na kupigana kama askari wa Ulaya ya zama za kati, tena bila kuoneana haya. Upanga wao ni wa henzirani, ile ile inayosukiwa viti na kutengenezewa bakora, na unene wake haupungui sentimeta 3. Henzirani ikichoka huchanika nyuzinyuzi. Haikatiki vipande vyenye ncha vinavyoweza kupenya kwenye matundu ya kofia. Kwa kuwa fimbo ya mviringo haina makali, hubandikwa utepe wa rangi nyingine kuonyesha makali yangekuwa upande gani. Pigo lililotua kwa ubapa halihesabiwi.

Viungo vinavyolengwa vinaeleweka haraka. Pigo zuri la kichwani au kiwiliwilini linaua. La mkononi linaondoa mkono huo, nao hurudishwa nyuma ya mgongo, na kama ndio ulioshika upanga, upanga unahamia mkono wa pili. La pajani linamshusha mtu magotini, naye huendelea kupigana kutoka hapo. Viganja, pamoja na goti kwenda chini, havilengwi.

Kazi ipo kwenye neno "zuri". Pigo liwe na nguvu kiasi gani? Mmoja amevaa bamba za chuma kutoka shingoni hadi mapajani, mwingine ana ngozi na vipande vya plastiki vilivyofichwa chini ya kanzu. Kama kipimo kingekuwa kile kila mmoja anachokivaa, mwenye fedha za kununua chuma kinene angekuwa amenunua na uhai. SCA ililimaliza hilo kwa deraya ya kufikirika. Kila mpiganaji, awe amevaa nini, huchukuliwa kuwa amevaa shati la pete za chuma juu ya nguo nene iliyoshonwa kwa pamba, na kofia ya chuma iliyo wazi usoni, yenye kipande cha kukinga pua tu. Swali ni moja: je, upanga wa kweli ungeipenya deraya hiyo? Kwa hiyo vazi la kweli linalinda mbavu, na vazi la kufikirika linalinda haki. Ndiyo maana pia mchomo wa usoni hauhitaji nguvu, mguso wa wazi unatosha. Wavu wa chuma uliopo mbele ya macho, kisheria, haupo.

Na anayejibu swali hilo ni aliyepigwa.

Waamuzi wapo uwanjani, lakini kazi yao kubwa ni usalama: kusimamisha pambano kofia ikilegea, kuwazuia watu wasipite ukingo. Hawatangazi kifo. Aliyepigwa ndiye anayepima kishindo alichokisikia mwilini, kisha anaanguka au anasema lilikuwa jepesi. Mpigaji naye anaruhusiwa kulikana pigo lake, akimwambia mwenzake limetua kwa ubapa, ainuke waendelee.

Udhaifu wa mpango huu unaonekana hata kwa mtu asiyewahi kushika fimbo. Kuna wasioanguka. Wengine ni wajanja, wengine kwa kweli hawakusikia kitu, kwa sababu chuma kimemeza kishindo au damu imechemka. Wapiganaji humsema mtu wa namna hiyo kuwa ana ngozi ya faru, tusi ambalo wakazi wa Same, majirani wa faru weusi wa Mkomazi, hawahitaji kutafsiriwa. Adhabu yake kubwa ni sifa mbaya: wenzake wanaanza kumpiga kwa nguvu zaidi, au wanakataa kupigana naye.

Kabla ya kucheka, afadhali kuangalia waliochagua njia nyingine. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, bondia Roy Jones wa Marekani aliingiza ngumi 86 dhidi ya 32 za Park Si-hun wa Korea Kusini, na majaji wakampa Park ushindi kwa 3 kwa 2. Katika michezo hiyo hiyo Mkenya Robert Wangila alichukua dhahabu kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, njia pekee ya kutomwachia jaji neno. Baada ya aibu ile ndondi za ridhaa zikaletewa kompyuta: ngumi ilihesabiwa iwapo majaji watatu kati ya watano wamebonyeza kitufe ndani ya sekunde moja. Michael Yombayomba aliiletea Tanzania dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998 katika enzi hiyo. Mabondia walijifunza kudonoa ngumi ndefu zinazoonekana na kila jaji, na makonde ya mbavuni, yale yanayomaliza pumzi, yakapotea hewani. Mwaka 2013 vitufe viliachwa.

Mchezo wa upanga wa Olimpiki uliamua kuuamini umeme. Kwenye upanga aina ya epe, anaoutumia Alexandra Ndolo, mshindi wa fedha ya dunia mwaka 2022 akiwa na Ujerumani, kisha Mkenya wa kwanza kucheza upanga Olimpiki, Paris 2024, ncha lazima ikandamizwe kwa uzito unaozidi gramu 750 ndipo taa iwake. Hapa hakuna wa kubishana naye. Ila mwaka 1976, Montreal, Boris Onishchenko wa Umoja wa Kisovieti alikutwa na swichi iliyofichwa kwenye mpini. Taa ilikuwa ikiwaka bila ncha kumgusa mtu.

SCA haina taa, na haijazitaka hata pale penye tuzo kubwa kuliko zote. Mfalme wa kila himaya ya chama hicho, anayetawala kwa miezi michache, hupatikana kwa mashindano ya upanga. Kwenye fainali watazamaji wanasikia henzirani ikigonga chuma, wanashika pumzi na kumtazama aliyepigwa. Akiendelea kusimama, hakuna mfalme bado.