Pembe Pasi na Ndovu: Ukoloni Katika Sura za Sarafu

Sisi walimu tumezoea kuhakiki mashairi na riwaya, lakini ni nadra kuhakiki kazi ipitayo mikononi mwa watu wengi kuliko kitabu chochote. Kazi hiyo ni sarafu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha iliyomo katika shilingi haikuota yenyewe. Yupo aliyeichagua, naye alikuwa na neno alilotaka kutuambia.

Na tuanze na senti zile zilizotobolewa katikati, ambazo Waingereza walianza kuzitoa mwaka 1907 kwa ajili ya himaya zao za Afrika Mashariki na Uganda. Kando ya tundu zimechorwa pembe za ndovu zilizopinda. Tuzitazame vizuri: pembe zipo, ndovu hayupo. Mchoraji amemwacha mnyama, akachukua kile kilichouzwa ng'ambo. Ndivyo nchi hizi zilivyoonekana machoni pa mfanyabiashara: si makao ya viumbe, bali ghala la kuchotea mali.

Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Upande mmoja una kichwa cha Mfalme George wa Tano, kilichozungukwa na maneno ya Kilatini yanayomtaja kuwa mfalme, tena kaisari wa Uhindi. Upande wa pili una simba aliyesimama, na milima nyuma yake. Picha ni nzuri, wala hatukatai ufundi wake. Hata hivyo, simba ni nembo ya ufalme wa Uingereza vilevile. Kwa hiyo mfalme anajitaja mara mbili: kwa uso wake kwanza, kisha kwa mnyama wake aliyesimamishwa juu ya ardhi yetu. Watu hawamo. Mkulima wa pamba aliyeuza mavuno yake ili apate shilingi ya kulipia kodi hakuwa na alama yoyote katika fedha aliyoitolea jasho.

Baada ya Uhuru, katika mwaka 1966, Uganda, Kenya na Tanzania zilitoa sarafu zao wenyewe. Uganda ilikiondoa kabisa kichwa cha mtawala, ikaweka ngao ya taifa yenye ngoma na mikuki. Jambo hilo lastahili sifa, hasa tukikumbuka msukosuko wa siasa wa mwaka ule. Lakini tukiigeuza shilingi yenyewe twaona nini? Korongo mwenye shungi amesimama mbele ya milima, mahali pale pale aliposimama simba. Na katika senti ndogo, zile pembe za ndovu zimerudi. Simba amehama, uwanja ni ule ule.

Tanzania ilifanya kinyume. Upande wa pili wa shilingi yake ilichora Mwenge wa Uhuru, ukumbusho wa ule uliowashwa juu ya Kilimanjaro Desemba 1961, na thamani ya fedha ikaandikwa kwa Kiswahili. Lakini upande wa kwanza, pale alipokuwa mfalme, ikaweka sura ya Mwalimu Nyerere. Hatumlaumu mtu. Twasema tu kwamba desturi ya kuyaonyesha mamlaka kwa kichwa cha mtu mmoja ilirithiwa pamoja na sarafu. Kenya nayo iliishika desturi hiyo, mpaka Katiba yake ya 2010 ilipokataza sura ya mtu binafsi katika fedha.

Huenda mwenzetu akauliza: Je, korongo si wetu? Ndovu si wetu? Naam, ni wetu. Hoja yetu haimhusu mnyama, bali jicho linalomtazama. Nchi yenye wanyama na milima tu, isiyo na mtu wala kazi ya mtu, ni nchi kama aionavyo mgeni apitaye.

Ndiyo maana twaipenda zaidi sarafu ya shilingi mia ambayo Uganda ilianza kuitoa mwaka 1998. Ndani yake yumo ng'ombe mwenye pembe ndefu. Pembe zimerudi tena, lakini safari hii zimo kichwani mwa mnyama aliye hai, naye ng'ombe hana budi kuwa na mchungaji, zizi, na jina aitwalo nyumbani. Mchungaji mwenyewe bado hajachorwa, lakini twamhisi karibu.

Basi twawasihi walimu wenzetu watenge kipindi kimoja kwa somo hili. Wanafunzi watoe sarafu walizo nazo, waziweke mezani, wazisome pande zote mbili kama wasomavyo shairi. Wakisha kueleza ni nani aliyemo, waulizwe swali lililo gumu zaidi: ni nani asiyekuwamo, na kwa nini?